Tulipokwenda Kalemela Kumtazama Mungu Usoni

Tangu nirudi, kila anayepita hapa kwenye cherehani yangu ana swali moja tu: mlimwona? Wengine wanauliza hata kabla ya kusalimia. Jana mwalimu wa shule, mtu mzima na miwani yake, aliacha suruali ya kupunguzwa, akafika barabarani, akarudi na kuniuliza kwa kunong'ona, kama mtu anayetafuta sukari ya magendo enzi zile. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika yote kwa kufuata njia, na atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome huku mimi nashona.

Zagayu, kabla ya kuondoka

Ninyi mnajua jinsi mambo yalivyofunguliwa. Zamani pamba tulimpelekea mnunuzi mmoja, nguo tulivaa za kitambaa kimoja, na Mungu tulimwendea kwa milango miwili, wa Wakatoliki na wa Waprotestanti. Ghafla kila kitu kikawa ruksa. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao. Ikaja mitumba, nami niliyekuwa fundi wa kushona mashati nikageuka fundi wa kupunguza mashati ya marehemu wa Ulaya. Halafu yakaja makanisa mapya, kila moja na vipaza sauti vyake.

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ghala la pamba, pembeni ya bei ya msimu. Mhubiri kutoka mjini alikuwa anakuja Kalemela, kule ziwani, na siku ya kilele Mungu angepita katikati ya watu. Haikuandikwa atahubiriwa. Iliandikwa ataonekana, uso kwa uso. Watu walisoma bei kwanza, wakaguna, kisha wakasoma habari za Mungu.

Jioni yake alikuja mpwa wa marehemu mke wangu na ujumbe wa mama mkwe wangu. "Bibi anataka kwenda Kalemela. Ana neno la kumwuliza Mungu. Wajomba wako machimboni, hakuna wa kumpeleka. Amesema umpeleke wewe."

Neno lenyewe sikuhitaji kuambiwa linahusu nani. Mke wangu Minza alifariki akijifungua, mwaka juzi, katika hospitali ya Bariadi. Mtoto alipona, na analelewa na bibi yake. Kilichonitoa jasho ni hilo la kumpeleka.

Nieleze kwa faida ya mwalimu, ambaye si wa huku. Kwetu Usukumani mama mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unatoka pembeni, unachuchumaa, unampa mgongo, naye upande wake anafanya vivyo hivyo, mpaka mmoja aondoke. Hamli pamoja. Mkiwa na neno, mnalipitisha kwa mtu wa tatu, na asipokuwepo mtu mnaliambia chochote kilicho karibu, mbuzi, mtungi, hata nguzo ya nyumba. Si chuki, ni heshima. Miaka yote niliyokaa na Minza, mama yake nilimfahamu kwa sauti, kwa visigino na kwa mgongo. Nikienda kumwona mtoto nakaa uani, naletewa.

Sasa huyu ndiye wa kusafiri naye hadi ziwani, tukatazame uso wa Mungu.

Zagayu hadi Bariadi

Tulipanda lori la pamba la Bwana Ndaki, mnunuzi, lililokuwa linapeleka mzigo kiwandani upande wa ziwa. Ndaki alikaa mbele na dereva. Sisi abiria tulikaa juu ya pamba, na nusu yetu tulikuwa tunakwenda Kalemela. Mama mkwe alikuja na kitenge kipya, kifurushi cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu, zawadi ya mhubiri. Akapanda upande wa kulia akitazama nyuma. Mimi nikapanda upande wa kushoto nikitazama mbele. Kati ya migongo yetu alilala kuku.

Hatujafika mbali nikasikia sauti. "Wewe kuku, mwambie mkwe wangu ashike kamba, lori hili linarukaruka."

Nikashika kamba. "Kuku," nikasema, "mwambie mama nimeshika. Wabeja, asante."

Kuku akajibu kwa kuchafua gunia. Hivyo ndivyo tulivyozungumza njia nzima, na sijapata kuona mjumbe mwaminifu kuliko yule.

Jirani yangu kule juu alikuwa mzee mmoja wa Nkololo, Sahani, mfugaji, asiye na kanisa lolote. Yeye alikwenda kwa shughuli maalumu. Ng'ombe wake walikuwa wameibwa, polisi hawakusaidia, mganga hakusaidia, na sasa alitaka kumwuliza Mungu mwenyewe, ana kwa ana, nani aliwachukua.

"Atakutajia jina," nikamwambia.

"Ndiyo ninalotaka. Jina tu, mengine niachie mimi."

Mama mmoja aliyekaa kwenye kona, mnyonyeshaji, akasema bila kuinua kichwa, "Na yeye akikuuliza wale wa kwanza uliwatoa wapi?"

Watu walicheka. Sahani hakucheka. Alivuta shuka lake, na tulipofika mtoni ndipo nilipomsikia akisema peke yake kwamba pengine swali hilo si la kuuliza mbele za watu.

Mto ulikuwa mkavu na lori likazama kwenye mchanga. Tukashuka wote kusukuma. Ndaki alitusimamia, mikono mfukoni, akilalamika kwamba pamba ya mwaka huu ni nzito isivyo kawaida. Kila mmoja wetu aliyeuza pamba alijua mchanga wa mto ule si wote ulikuwa chini ya magurudumu, mwingine ulikuwa ndani ya magunia. Naye mizani yake tulikuwa tunaijua. Kwa hiyo mwizi na mwizi tukasukumana kwa heshima hadi ng'ambo, tukaendelea kwenda kumwona Mungu.

Bariadi

Mjini lori lilisimama kutafuta tairi. Tulikula wali na maharage kwenye kibanda karibu na soko, mimi ndani, mama mkwe nje nyuma ya ukuta, na sahani yake nikaipitisha kwa mpishi. Pale Bariadi ndipo palinishinda. Kibanda kile kinatazamana na njia iendayo hospitali.

Siku ile ya Minza gari lilikuwa moja tu kijijini, pikapu ya mfanyabiashara. Tulimlaza nyuma, nami nikapanda kumshika kichwa. Mama yake alikuja mbio akiwa amebeba kanga na maji, akafika, akaniona nimo. Akageuka. Akachuchumaa pembeni ya njia, akatupa mgongo, kama heshima inavyotaka. Dereva akaondoa gari. Hakuna aliyemlaumu. Mimi mwenyewe, nikiwa katika hali ile, niliona amefanya sawasawa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nikaacha wali nusu.

Bariadi hadi Dutwa

Baada ya Bariadi watu walianza kubadilika. Mwanzoni kila tulipochelewa watu walimtukana dereva. Sasa tairi lilipopasuka tena, mtu alisema taratibu, "Si kitu, tutafika tu," na mwingine akashuka akatandika kanga chini ya mti wa miiba akalala. Walisema wanapumzika. Mimi niliona ni watu wanaosikia raha kuchelewa.

Ndaki alishuka akaja kukaa nasi kivulini, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Hebu niambieni," akasema. "Huyo Mungu akipita, anapita tu, au anasimama kwa kila mtu?"

"Tangazo linasema uso kwa uso," nikamjibu.

"Najua. Mimi nataka kumwona, nisieleweke vibaya. Ila ningependa awe mbali kidogo."

Sahani akasema kwao wazee huliita jua kwa heshima kila asubuhi, lakini hakuna anayelitazama. Mnyonyeshaji akamwambia basi arudi Nkololo akaliite huko. Akasema amekwishalipa nauli.

Usiku tulilala Dutwa, kwenye uwanja wa duka, akina mama upande mmoja na wanaume upande mwingine, na lori katikati. Kabla sijasinzia nikasikia mama mkwe anazungumza na mnyonyeshaji upande wa pili wa magurudumu.

"Wewe mayu, mama yangu, unakwenda kumwomba nini?" aliuliza mnyonyeshaji.

"Siendi kuomba. Nakwenda kuuliza."

"Kwa nini alimchukua mwanao?"

"Hilo hapana. Watu wanakufa, hata mama yangu alikufa. Nataka kujua kama mwanangu aliniita. Kule njiani, kwenye gari. Kama aliniita akanikosa."

Mnyonyeshaji akasema Mungu atajua. Mama mkwe akasema ndiyo, lazima atajua, alikuwapo.

Mimi nami nilikuwapo. Nililala chini ya lori lile nimekodoa macho, nina jibu lake lote kichwani, neno kwa neno. Mama wa watu amefunga safari kwenda kumwuliza Mwenyezi jambo ambalo fundi cherehani wa Zagayu angemweleza uani kwake siku yoyote. Lakini ningemwelezaje? Neno kama hilo halipitishwi kwa mpwa. Halipitishwi kwa kuku.

Lamadi

Lamadi ni njia panda, na soko huria limeikusanya dunia pale. Tulishuka kwa sababu lori lilikuwa linakunja kwenda kiwandani. Kalemela haikuwa mbali tena, na hapo ndipo msafara wetu ulipopungua. Ndaki alikumbuka ghafla kwamba pamba haipimwi vizuri mwenyewe asipokuwepo. Sahani alikula sangara wa kukaanga, akasema hajazoea samaki, tumbo limevurugika, tutangulie. Nilimwacha amekaa kwenye benchi anaagiza wa pili.

Mnyonyeshaji na wengine walitangulia, mimi na mama mkwe tukaingia mgahawani kunywa chai. Hakukuwa na ukuta wa kutugawa, kwa hiyo tulikaa meza moja tumepeana migongo, yeye akitazama jiko, mimi nikitazama barabara, kuku juu ya meza. Mhudumu, binti aliyekuja kutafuta maisha kutoka mikoa ya mbali, alituangalia, akatuhurumia.

"Jamani," akasema, akiinama kwa mama mkwe, "mumeo amekukosea nini mpaka mnakaa hivi? Msameheane, dada. Huyu anaonekana si mtu mbaya."

Ningeomba ardhi ipasuke, lakini nilikuwa njiani kwenda kwa mwenye ardhi na sikutaka kumsumbua mara mbili.

"Kuku," mama mkwe akasema, kwa sauti ya taratibu kabisa, "mwambie binti huyu mimi si dada."

Binti alimtazama kuku. Kisha akaenda kumwita mwenye mgahawa.

Tulitoka haraka. Nje, mbele yangu, mabega ya mama mkwe yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia kwa aibu. Tulipofika mbali kidogo nikagundua anacheka, na mimi nikacheka nyuma yake, kila mmoja akitazama upande wake.

Kalemela

Uwanja ulikuwa juu kidogo ya ziwa, umejaa watu kutoka kila upande, wavuvi, wakulima, wafugaji na fimbo zao. Mhubiri alikuwa kijana mnene wa mjini, suti ya kijivu, sauti nzuri. Katikati ya uwanja walikuwa wamechora njia kwa chokaa, kutoka upande wa ziwa mpaka jukwaani, na vijana wa kwaya walizuia watu wasiikanyage. Hiyo ndiyo njia ambayo Mungu angepita.

Alihubiri vizuri, sitamsingizia. Aliuliza nani anataka kumwona Mungu, mikono yote ikainuka. Akauliza nani yuko tayari sasa hivi. Ikainuka michache, mingine ikishikwa na wenzake. Halafu akaamuru jenereta lizimwe, kukawa kimya, ikabaki sauti ya maji tu.

"Anakuja," akasema. "Anaingia njiani. Tazameni!"

Sasa huyu kijana hakuwa wa kwetu. Hakujua ukichora njia mbele ya Wasukuma, ukawaambia anapita mtu wa heshima kuliko wote, watafanya nini. Uwanja mzima ulitoka pembeni. Mstari kwa mstari watu walichuchumaa, wakageuka, wakaipa ile njia migongo yao. Wavuvi, wazee wa kanisa, wanakwaya wenyewe. Sikupanga, magoti yalikunjika yenyewe. Hakuna jicho hata moja lililobaki linatazama. Mhubiri kule juu akaanza kulia kwa furaha, akisema hajapata kuona mji uliojaa imani namna hii.

Nami nikiwa nimeinama pale, nimefumba macho na uso nimeuficha magotini, nilisikia hatua. Nyepesi, za taratibu, kwenye chokaa. Zilipita nyuma yangu kabisa. Sitawaficha, nilikuwa na nafasi ya kugeuza shingo kidogo tu nikamwona Mungu, na sikugeuza. Nilichoomba kwa moyo wangu wote ni apite haraka.

Jenereta liliwashwa. Watu waliinuka wanajipangusa, wengi wana furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyenusurika ajali. Kila mmoja alisikia hatua. Mmoja alisema ni za viatu, mwingine za miguu mitupu. Walikwishaanza kubishana.

Mimi nilimtafuta kuku ili nimwulize mama mkwe kama yuko salama. Kamba ilikuwa chini, imekatika.

Mama mkwe alikuwa pale pale, ila hakuwa amechuchumaa. Alikuwa amesimama, miguu imeelekea njiani. Nikaelewa kwamba katika uwanja ule mzima yeye peke yake alisimama akatazama. Nilibaki nimekodolea vumbi la visigino vyake.

"Nimeinua macho," akasema. Hakutaja mjumbe, kuku hakuwepo. "Nimetazama njia yote. Amepita kuku."

Kule mbele mama wa kwaya alikuwa amemshika kuku wetu mbawa, anaelekea naye jikoni kwa wageni.

Kurudi

Asubuhi watu walitawanyika. Barabarani tulipata pikapu iendayo Bariadi. Nyuma zilibaki nafasi mbili tu, juu ya magunia ya dagaa, zinatazamana, na magoti ya mtu yangegusa magoti ya mwenzake. Dereva akapiga honi.

Mama mkwe akatoka pembeni ya barabara. Akachuchumaa, akatupa mgongo. Nami nikatoka upande wangu, nikachuchumaa. Gari likabaki katikati yetu linanguruma, na dereva akauliza abiria wengine kama sisi wawili ni wazima.

Hapo nilimwona tena kama siku ile, mgongo ule ule, na nilijua gari hili nalo likiondoka, basi.

"Masunga," akasema.

Hajawahi kulitamka jina langu. Nilidhani ni mtu mwingine ananiita.

"Kuku hayupo," akasema. "Na yule niliyemfuata sikumwona. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Aliniita?"

"Alikuita."

"Mara moja?"

"Njia nzima, mama. Nikamwambia unakuja nyuma. Akaniambia nisimdanganye. Akasema, 'Mama hawezi kupanda, wewe umo.' Halafu akacheka. Alikuwa na maumivu, lakini alicheka. Akasema, 'Ninyi wawili na heshima yenu.'"

Dereva alipiga honi tena, ndefu. Mama mkwe alikaa vile vile, mkono mmoja chini kwenye vumbi. Kisha akainuka, akageuka, akanitazama, nami nikiwa bado nimechuchumaa niliinua uso bila kufikiri. Alikuwa Minza. Macho yale, kidevu kile, hata ule mkunjo wa upande mmoja wa mdomo akitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Miaka yote hiyo uso ule ulikuwa umbali wa kugeuza shingo tu.

"Panda," akasema. "Tunachelewesha watu."

Akatangulia yeye. Nikapanda nikakaa mbele yake. Mpaka Dutwa tulikuwa tunatazama dagaa, halafu njia ikawa mbaya, ikabidi tushikane mikono tusianguke. Karibu na Bariadi alifungua kifurushi chake akanipa michembe, akala na yeye.

"Jumapili njoo umwone mtoto," akasema, akitafuna, ananitazama. "Usikae uani."